Pole Isiyojibiwa

Uji ulikuwa bado unatokota Mazengo alipojimwagia. Sufuria lilimponyoka, uji wa ulezi ukamfunika mguu wa kushoto kuanzia kifundoni hadi vidoleni, na bwalo zima la Kambi Namba Nne, vijana mia na ishirini, likanyamaza. Mmoja aliangalia dari. Mwingine aliendelea kumenya kiazi chake kana kwamba hakuna kitu duniani zaidi ya kile kiazi. Twilumba alijing'ata ulimi, kama alivyojizoeza kwa miaka miwili kasoro siku kumi.

"Pole, kaka!" ilisema sauti kutoka mlangoni.

Watu wote waligeuka. Alikuwa kuruta mpya, msichana mwembamba wa Sikonge aitwaye Kalunde. Bandeji nyuma ya sikio lake ilikuwa bado nyeupe. Ushanga wake ulipandikizwa jana tu. Kabla hajajua kwa nini anatazamwa, alianguka chini, ameukumbatia mguu wake wa kushoto, mguu mkavu usio na tone la uji, akapiga yowe.

Mazengo aliuinua mguu wake uliobabuka. Akauchezesha vidole. Akaukanyaga chini mara mbili.

"Jamani!" alisema. "Mguu wangu umekwenda likizo!"

Akaanza kucheza. Alicheza kweli, mikono kiunoni, huku ngozi ya mguu ikimchubuka na yeye hana habari. Watu wakacheka mpaka wengine wakapaliwa.

"Sema, Mazengo," Twilumba alimwambia. "Mtoto anaumia."

"Niseme nini, dada? Mimi sijambo, mwenzako sijambo kabisa. Hebu nisogezee kile kiazi."

"Afande!" Twilumba aliita.

Afande Nyagawa, mkuu wa kambi, alikuwa ameegemea dirisha na kikombe chake mkononi. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. "Mwacheni ale," alisema. "Huyu mgeni asipojifunza leo, kesho neno hilo litamuua."

Mazengo alikula viazi viwili. Akanywa maji. Akajifuta mdomo kwa ncha ya shati, akamwinamia msichana aliyekuwa akijigaragaza sakafuni, na kwa adabu zote za mtoto wa watu akamwambia, "Nimeshapoa, dada yangu. Ahsante." Neno halijamtoka vizuri mdomoni, mguu wake ulimrudia. Akaruka kama chura, akalia, na bwalo likacheka upya.

Kalunde aliketi, akajipapasa mguu, akakuta haumwi popote. Twilumba alimsaidia kuinuka.

"Humu ndani," alimnong'oneza, "neno hilo halipo. Mtu akijikwaa, tazama pembeni. Hata 'polepole' hatusemi, tunasema taratibu. Umenielewa?"

"Lakini kaka wa watu ameungua, dada."

"Ndiyo. Tazama pembeni."

*

Waliotengeneza ushanga walitaka kwanza uwashwe kwa kitufe. Watu wa sheria wakakataa: maumivu ya mtu hayawezi kuhamia kwa mwingine bila ridhaa ya mdomo. Ikaundwa kamati ya kutafuta maneno. Wajumbe walikaa wiki tatu, kisha wakachagua maneno ambayo kila mtu nchini aliyajua tangu hajaota meno. Mbebaji akimtazama mgonjwa na kusema "pole", ushanga wake unafunguka na mzigo unahama. Mgonjwa akijibu "nimeshapoa", ushanga unafunga na mzigo unarudi kwa mwenyewe. Kidonda hakihami, wala ugonjwa. Yanayohama ni maumivu peke yake. Gazeti moja liliandika kwamba hatimaye sayansi imejifunza adabu.

Mambo mawili hayakuandikwa gazetini. La kwanza, mbebaji akimpa pole mbebaji mwenzake, anachukua vyote: maumivu ya mwenzake na ya mgonjwa aliyebebwa na huyo mwenzake. Ndiyo maana neno lilipigwa marufuku kambini. La pili liliandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa wodi: DAMU HAIBEBI DAMU. Mwaka wa kwanza wa huduma, binti mmoja aliruhusiwa kumbeba baba yake. Baba alipokata roho saa nne na dakika sita asubuhi, moyo wa binti ulisimama saa nne na dakika sita. Ushanga ulikuwa umeshindwa kujua baba anaishia wapi na mtoto anaanzia wapi, na mzigo wa damu hauachii wenyewe mpaka aliyepewa pole ajibu.

Twilumba aliyajua hayo yote baadaye. Siku ya kujiandikisha, kwenye ofisi ya kata kule kwao Njombe, alionyeshwa tangazo lenye vijana wanaotabasamu na maneno, "Beba mwenzio, nawe wako abebwe." Karani alimsomea mafao: kiwanja chenye maji na umeme, masomo ya chuo bila ada, na la tatu, mzazi mmoja wa mhitimu kubebwa mpaka siku yake ya mwisho. Viwili vya kwanza Twilumba hakuvisikia hata vizuri. Mama yake, Mwalimu Odilia, alikuwa na saratani iliyoanza kuingia mifupani. Daktari alisema bado miaka miwili, mitatu Mungu akipenda, na mwaka wa mwisho ndio utakaokuwa mbaya.

Akatia sahihi. Kwa miaka miwili alibeba mawe ya figo ya mzee mmoja mpiga porojo, mgongo uliovunjika wa dereva wa lori, uchungu wa kuzaa mara kumi na nne bila ya kupata mtoto. Aliwaandikia nyumbani kwamba kazi ni kusukuma machela.

*

Sheria iliruhusu mzazi aletwe wiki moja na nusu kabla ya mtoto kuhitimu, ili azoee. Mama yake aliletwa Jumanne, siku ileile ya uji. Twilumba alimwona akishushwa kwenye gari la wagonjwa. Mama yule aliyekuwa akibeba debe la maji kichwani huku anasahihisha madaftari, sasa alikuwa amelala katikati ya machela kama nguo iliyosahauliwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Twilu. Umekonda." Akafumba macho kidogo, jasho likamtoka juu ya mdomo. "Usinishike hapo. Wala hapo. Kaa tu nikuone."

Mbebaji aliyepangwa alikuwa Kalunde. Afande Nyagawa ndiye aliyepanga, na Twilumba alimfuata ofisini.

"Afande, yule ana siku ya pili tu."

"Wenye siku nyingi wote wameshapangiwa wagonjwa. Ulitaka mama yako apewe nani, wewe mwenyewe?" Akamwonyesha mlango wa wodi kwa kidevu, yale maandishi mekundu.

Kalunde aliingia wodini amevaa sare mpya iliyompwaya. Akapiga goti, kama wanavyosalimia kwao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo." "Pole, mama."

Mwili wa Mwalimu Odilia ulilegea ghafla kitandani, mabega yakashuka, na kwa mara ya kwanza siku ile Twilumba akauona uso aliokuwa akiujua. Kalunde alijikunja kama karatasi inayoungua.

"Ahsante, mwanangu," mama alisema. "Nimeshapoa."

Mabega yakapanda tena. Mama akatoa mguno, akauma shuka.

Sista Ngailo, muuguzi wa zamu, alihema. "Bibi, usijibu. Ukijibu, unajirudishia."

"Nisijibu vipi? Mtoto kanipa pole."

"Ndiyo, lakini usimjibu."

Mama alimtazama kama alivyokuwa akimtazama mwanafunzi aliyeingia darasani bila kubisha hodi. Alikuwa amefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na moja, na kila Januari somo lake la kwanza lilikuwa hilohilo, kabla ya a, e, i, o, u: pole isiyojibiwa ni mkono ulioachwa hewani. Watoto waliimba kwa sauti. Twilumba naye aliimba, dawati la mbele.

Wakajaribu tena baada ya chai. Kalunde alisema pole. Mama alifunga mdomo, akavumilia nafuu kama watu wengine wanavyovumilia maumivu, macho kwa yule msichana aliyekuwa amejishika ukuta, kamasi zinamtoka. Ilipita nusu dakika.

"Nimeshapoa," mama alisema haraka. "Nimeshapoa, mwanangu, inuka. Basi."

Sista Ngailo alitazama kishikwambi chake. Uso wake ulibadilika. "Twilumba, njoo huku nje."

Nje alimweleza kwa sauti ya chini. Mtambo wa ushanga hausikilizi moyo, unasikiliza maneno. Umeandika mara mbili kwamba mgonjwa amepoa. Ukiandika mara ya tatu, faili linafungwa. Mama ataandikwa kuwa hahitaji kubebwa, na nafasi yake itapewa mwingine siku ileile.

"Si mnaweza kufuta?"

"Nani afute? Mimi?" Sista alicheka bila furaha. "Mwaka jana kulikuwa na mzee wa Makete, mstaarabu hivyohivyo. Alifia kwenye benchi pale getini, anaita mpaka sauti ikakauka. Wenye adabu ndio wanaotutoka. Wale wasiojua hata kushukuru, wanakaa humu miezi kumi, wananenepa. Zungumza na mama yako."

*

"Yule mtoto anafanywaje?" mama aliuliza Twilumba alipoketi pembeni ya kitanda.

"Hafanywi kitu, mama. Ni mashine. Inamtetemesha kidogo, halafu analala."

"Alikuwa anatoka kamasi."

"Mafua. Huku baridi, na kwao ni joto."

Mfupa wa nyonga ulimsogea mama ndani kwa ndani, akakamata mkono wa Twilumba, kucha zikaingia nyamani. Ilichukua muda kupita. Ilipopita, alisema, "Na wewe miaka yote miwili ulikuwa unatetemeshwa kidogo, halafu unalala?"

"Mimi nilikuwa nasukuma machela."

"Twilumba."

"Mama, tafadhali."

"Umeota mvi. Una miaka ishirini na mitatu."

Hapo ndipo Twilumba alipoyatupa yote aliyofundishwa. Alijua kwamba Kalunde yuko mlangoni, ameleta jagi la maji, amesimama anasubiri. Alijua na hakujali. "Basi wanaumia!" alisema. "Wanaumia, mama. Mimi niliumia siku mia saba. Niliumia ya dereva, nikaumia ya mzee wa watu asiyejua hata jina langu, na kila siku nilijiambia, hii ni ya mama, hii ni ya mama. Sasa umekuja hapa kunirudishia? Kwa neno moja tu? Yule ni wa kazi hiyo. Ametia sahihi. Ukiambiwa pole, nyamaza! Hata akilia, nyamaza. Hata akikuomba. Funga mdomo wako!"

Hakuwahi kumwambia mama yake maneno ya namna hiyo. Yalibaki hewani kati yao, na hakuna aliyejua ayaokote wapi.

"Dada Twilu," Kalunde alisema kutoka mlangoni. Sauti ilikuwa ndogo. "Sista amesema muda umefika."

Akaja, akaweka jagi mezani. Akapiga goti.

"Pole, mama."

Twilumba aliuona mdomo wa mama yake ukifunguka. Hakungoja. Alimrukia, akaweka kiganja juu ya ule mdomo, akaubana. Chini ya kiganja alisikia pumzi ya moto, meno, ulimi ukitafuta neno. Macho ya mama yalimtoka, yakamtazama, yakamtazama Kalunde aliyekuwa amelala sakafuni anapiga kisigino kwenye vigae. Machozi yakaanza kumtiririka Mwalimu Odilia, yakalowesha vidole vya binti yake. Twilumba alihesabu mpaka mia mbili. Mazengo aliingia akichechemea na machela, akamzoa Kalunde, akampeleka chumba cha kubebea, ng'ambo ya kioo.

Alipoondoa mkono, mama hakusema kitu. Alivuta pumzi ndefu, ndefu kuliko zote alizovuta mwaka ule. Akageuka ubavu, peke yake, ubavu ambao hakuwa ameulalia tangu Pasaka. Akalala usingizi.

*

Kioo cha wodi kilikuwa cha upande mmoja. Wabebaji waliwaona wagonjwa. Wagonjwa walijiona wenyewe. Ukuta ulijazwa sufi ili sauti isipite.

Siku ya pili mama aliomba viazi vya kuchoma. Siku ya tatu aliketi, akaomba kuchanwa nywele, na wakati Twilumba anamsuka alimsimulia habari za mwanafunzi mmoja aliyekula chaki sanduku zima akidhani ni peremende. Walicheka wote wawili. Twilumba aliichukua ile saa akaiweka mahali pa salama ndani yake, kama mtu anavyoficha akiba chini ya godoro.

"Yule binti," mama alisema siku hiyo, "mkimwona mwambieni nashukuru."

Siku ya nne hakumtaja. Mtambo ulitaka neno liwe linarudiwa kila alfajiri, na Kalunde alikuwa akiletwa, anasema, anatolewa. Mama alijifunza kugeukia dirisha. Siku ya sita Kalunde alichelewa robo saa kwa sababu miguu ilikataa kusimama, mzigo ukaanza kumrudia mama, na Twilumba akamsikia mama yake, Mwalimu Odilia wa darasa la kwanza, akimuuliza Sista Ngailo kwa sauti kavu, "Mbona huyo hajaja? Analala mpaka saa hizi?"

Twilumba alikuwa anakunja shuka. Aliendelea kulikunja.

*

Siku ya kuhitimu, waliambiwa ushanga utatolewa saa nane mchana, ila hautolewi ukiwa na mzigo. Ilikuwa saa saba na nusu. Twilumba alikuwa na hati yake mkononi, imekunjwa mara mbili, na chini ya kwapa alikuwa na jozi ya kanga aliyoletewa na wa nyumbani. Alitaka kumpa Kalunde. Alikuwa amepanga maneno mazuri.

Kalunde alikuwa peke yake chumbani, kitanda cha karibu na kioo. Midomo ilikuwa imepasuka kwa kung'atwa. Kwa siku tisa alikuwa amegeuka mtu mzima.

"Dada Twilu," alisema. "Mwambie mama aseme. Mara moja tu. Nipumzike saa moja."

"Akisema, faili linafungwa. Unajua."

"Najua." Akatulia mpaka wimbi likapita. "Baba yangu ana vidonda vya sukari. Miguu yote. Nimehesabu, zimebaki siku mia saba na ishirini."

"Utamaliza. Mimi si nimemaliza? Vumilia." Twilumba aliweka kanga kitandani. Yale maneno mazuri hayakuja. "Hizi zako."

Akageuka aondoke. Ng'ambo ya kioo mama yake alikuwa ameketi juu ya kitanda, anamenya peasi kwa kisu kidogo, midomo inachezacheza. Alikuwa anaimba. Sauti haikupita.

Nyuma yake Kalunde alinyoosha mkono kufuata kikombe cha maji. Kikombe kilikuwa mbali. Akajivuta, akajivuta tena, akaanguka kutoka kitandani, kidevu kikapiga ukingo wa chuma. Meno yaligongana kwa sauti ambayo Twilumba aliisikia mpaka ndani ya mifupa.

Aligeuka. Damu, mtoto wa watu chini, kikombe kinabiringika. Siku mia saba za kujizoeza, lakini nyuma yake kulikuwa na miaka ishirini na moja ya mama yake, dawati la mbele, kabla ya a, e, i, o, u.

"Pole, mdogo wangu!"

Aliisikia sauti yake mwenyewe ikisema. Halafu ilimwingia.

Haikuwa kama ya mzee wala ya dereva. Hizo zilikuja kama wageni, zikakaa sebuleni. Hii iliingia kama mwenye nyumba anayejua kila mlango. Ilikuta nyonga yake ikiwa na umbo la nyonga ya mama, uti wa mgongo wenye pingili zilezile, na ikajitandaza. Damu ilikuwa imebeba damu, kwa kupitia mkono wa mtu baki. Twilumba alianguka magoti. Hati ilimtoka mkononi. Akajua, kwa uhakika ule wa mtu anayeona gari limeshafika kifuani, kwamba siku mama atakapoachia pumzi, kesho au wiki ijayo, yeye naye ataiachia.

Kalunde aliketi sakafuni. Akajigusa kidevu. Akajigusa mbavu, nyonga, magoti, taratibu, kama mtu anayekagua nyumba iliyoachwa na wapangaji wabaya. Akavuta pumzi.

"Sema," Twilumba alisema. "Kalunde. Sema umeshapoa. Mimi siruhusiwi kumbeba, unajua. Sema kabla..."

Kalunde alimtazama. Alikuwa msichana aliyelelewa, anayepiga goti kwa wakubwa, na midomo yake iliyopasuka ilianza yenyewe kufunguka, ikaanza ile "ni" ya mwanzo.

Kisha macho yake yakahama. Yakaenda kwenye kioo, kwa mwanamke aliyekuwa anakula peasi na kuimba. Yakarudi.

"Mama!" Twilumba aliita, akagonga kioo kwa kiganja. "Mama, sema! Mama!"

Mwalimu Odilia alikata kipande cha peasi, akakitazama kwenye mwanga, akakiweka mdomoni.

Kalunde aliinuka. Aliokota moja ya zile kanga, akaikunjua, akamfunika Twilumba mabega kwa upole, akahakikisha na miguu imefunikwa. Akaketi ukingoni mwa kitanda. Kisha akainua mkono, akaweka kiganja juu ya mdomo wake mwenyewe, akaubana, kama alivyoona ikifanywa.